Ajabu Iliyomo Katika Uhalisi: Picha Moja ya Eugène Atget

Wahakiki wengi huuchukulia usurealisti kuwa ni sanaa ya njozi iukimbiayo uhalisi. Picha aliyoipiga Eugène Atget mjini Paris tarehe 17 Aprili 1912 yaipinga rai hiyo. Umati umesimama katika uwanja wa Bastille, nyuso zimeinuliwa, baadhi ya watu wameshika vikingio mbele ya macho. Wanatazama kupatwa kwa jua. Jua lenyewe halimo pichani. Hapo ndipo ilipo siri yake: mtazamaji aona kutazama, asione kitazamwacho.

Atget hakuwa mfuasi wa usurealisti. Aliwauzia wachoraji na maktaba picha zake ziwe kumbukumbu za mji. Mwaka 1926 Man Ray aliifikisha picha hiyo kwenye jalada la La Révolution surréaliste, jarida la wasurealisti, ikapewa anwani yenye maana ya "Uongofu wa Mwisho". Hakuna kiumbe cha njozi kilichoongezwa. Ila kwa maneno machache watazamaji wa jua wamegeuka waumini wangojao ufunuo. Jina la Atget halikutajwa, kwa ombi lake mwenyewe.

Yafuata, basi, kwamba ajabu huzaliwa katika pengo lililo kati ya kitu na jina lake. Hata hivyo, isidhaniwe kuwa anwani pekee yatosha: isingalifaa kitu lau Atget angaliielekeza kamera angani. Mhakiki atafutaye ajabu katika fasihi na aanze na kilichoachwa nje ya maelezo, kabla ya kuwasaka majini na ndoto.