Kayaki Juu ya Pikapu

Anayevuka ghuba kwa kayaki husifiwa kwa mabega yake, kwa pumzi zake, kwa moyo wake mbele ya mawimbi. Ni haki yake. Sifa zangu mimi nazipeleka kwa aliyeifikisha kayaki hiyo majini: aliyeipandisha juu ya pikapu alfajiri, akaifunga, akaendesha saa mbili kwenye barabara ya kona na upepo, akaishusha ikiwa nzima. Wengi huihesabu kazi hiyo kuwa upagazi tu. Huku kaskazini mwa California ninakoishi nimeitazama kwa muda mrefu, na nasema bila kusita kwamba ni ubaharia kamili, wenye upepo wake, mafundo yake na maamuzi yake.

Taabu yote huanzia kwenye vipimo. Kayaki ya bahari ya watu wawili huwa na urefu wa mita 6 hivi, na uzito wa kilo 40 au zaidi. Bodi ya pikapu yenye kabini ya milango minne mara nyingi haizidi mita 1.7, zile ndefu wanazozipenda mafundi ujenzi hufika mita 2.4. Ukiilaza kayaki bodini, sehemu kubwa yake inabaki nje ikining'inia, na kila tuta la barabarani linaichezesha. Ukiipandisha juu ya paa, unakuta paa la pikapu nalo ni fupi, viegemeo viwili vimekaribiana mno kwa chombo kirefu kiasi hicho. Gari la familia lenye paa refu lina nafuu katika jambo hili, ingawa kila mtu hudhani pikapu ndiyo iliyoumbwa kwa mizigo yote.

Watu wametafuta njia nyingi za kuikwepa taabu hii. Wainuiti wa Greenland, ambao wao na jamaa zao wa Aktiki ndio wenye asili ya chombo hiki, walitengeneza mifupa ya kayaki kwa mbao zilizoletwa na mkondo wa bahari, wakaivika ngozi ya sili, na ikawa nyepesi kiasi cha kubebwa na mwindaji mmoja juu ya barafu. Mwaka 1905 mwanafunzi wa usanifu majengo wa Munich, Alfred Heurich, alibuni kayaki ya kukunja. Miaka miwili baadaye fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, alinunua haki za ubunifu huo, na Wajerumani wakawa wanapanda treni na chombo chao kikiwa ndani ya mfuko. Si mchezo wa watoto: mwaka 1956 daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki kwa kayaki ya Klepper katika siku 72.

Historia yetu ya Afrika Mashariki nayo inaifahamu kazi ya kupitisha chombo nchi kavu. Msafiri Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874, mashua yake Lady Alice, yenye urefu wa mita 12 hivi, ilikuwa imekatwa vipande, na vipande hivyo vilisafiri juu ya mabega ya wapagazi hadi Ziwa Viktoria, walikofika Februari 1875. Stanley akaandika vitabu; mabega hayakuandika. Karibu miaka 40 baadaye meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile tunayoijua leo kwa jina la Liemba, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa ndani ya maelfu ya masanduku, ikapelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma kwenda kuungwa upya.

Wote hao walikifanya chombo kiwe chepesi, walikikunja au walikivunja. Mwenye kayaki ya plastiki au ya faiba hana njia hata moja kati ya hizo. Anayo mita 6 isiyokunjika, nzito, na lazima ifike kama ilivyotoka.

Wazoefu hujibu kwa chuma chenye umbo la herufi T, kinachochomekwa kwenye tundu la mraba la kuvutia tela, chini ya bampa ya nyuma. Kikilazwa, hurefusha bodi. Kikisimamishwa, huwa nguzo yenye mwamba juu, kimo chake sawa na paa. Hapo upande wa omo hulala juu ya kabini, upande wa tezi hulala juu ya nguzo, na viegemeo vinaachana vya kutosha kukituliza chombo.

Ila pana jambo ambalo asiyelijua hulijua kwa hasara. Kabini na bodi ya pikapu ni vitu viwili mbalimbali. Kila kimoja kimefungwa peke yake juu ya chesisi, na kati yake mna mwanya unaopitisha vidole. Tairi moja ikipanda jiwe, chesisi hujipinda, kabini ikainamia huku, sehemu ya nyuma ikainamia kule. Aliye ndani haoni kitu. Kayaki iliyokazwa kwa nguvu sawa mbele na nyuma ndiyo inayosokotwa, kilomita baada ya kilomita, mpaka faiba inaanza kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele. Kwa hiyo mjuzi huweka sponji nene kwenye paa, na mkanda wa mbele huufunga uwe wa kushika, si wa kuminya.

Fundi ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii ni jirani yangu, mzee mmoja, seremala aliyestaafu, ambaye umri wake umeshapita miaka sabini. Kayaki yake ni nyekundu, ya plastiki, nzito, na huipakia peke yake. Siri yake ni kwamba hainui kilo 40 hata siku moja. Huinua omo, akaiegemeza juu ya mwamba wa nguzo, alikoviringisha kipande cha zulia kuukuu. Tezi bado iko chini, kwenye nyasi. Kisha anatembea taratibu hadi upande ule, anachutama, anainyanyua tezi na kusukuma. Kayaki inateleza juu ya zulia kuelekea kabini, na muda wote nguzo inabeba sehemu kubwa ya uzito. Chombo kinapotulia juu ya paa, mzee hata pumzi hazijampanda. Nimewaona vijana wawili, wenye misuli, wakihangaika kuibeba kayaki ndogo kuliko hiyo hewani na kuishia kukwaruza mlango wa gari.

Halafu huja mikanda. Hutumia ya poliesta, kwa kuwa nailoni ikilowa hurefuka, na bizimu zake ni za kubana kwa meno, zile zinazovutwa kwa mkono mtupu. Racheti za malori anazo gereji lakini haziruhusu zisogelee kayaki. Nakubaliana naye kabisa. Racheti ina nguvu nyingi mno, na anayeikaza hahisi tena amekibana chombo kiasi gani. Atagundua atakapokuta ganda limebonyea. Mzee huvuta mkanda, akaweka kiganja ubavuni mwa kayaki na kuitikisa. Ikicheza peke yake, bado. Gari zima likicheza pamoja nayo, basi, imetosha. Sijaona kipimo bora kuliko hicho.

Mikanda yenyewe haiwekwi popote. Hupita karibu na kuta za ndani zinazotenga stoo za mbele na nyuma na mahali pa kukaa, kwa kuwa hapo ndipo ganda lina uimara. Na kila mkanda, kabla hajaufunga, huusokota mara moja au mbili. Mkanda uliolala bapa ukipigwa na upepo huvuma njia nzima, na mvumo huo ni mtikisiko unaolegeza bizimu na kula nyuzi. Ukiusokota, unanyamaza.

Mwisho kamba mbili, ya omo na ya tezi, zikishuka hadi kwenye ndoano chini ya gari. Fundo lake nililitambua hajalimaliza bado. Ni lile lile wanalofungia turubali utingo wa malori ya kwetu: tanzi katikati ya kamba, ncha ikapitishwa kwenye ndoano, ikarudi ndani ya tanzi, ikavutwa kuelekea chini. Tanzi hufanya kazi ya roda, na mkono mmoja unapata mvuto ambao usingeupata kwa kamba tupu. Seremala wa California na utingo aliyelala Tunduma jana usiku hawajaonana, na mikono yao inafanya kitu kimoja. Nilifurahi sana siku ile.

Kamba ya omo ina faida nyingine: dereva anaiona mbele ya kioo. Ikianza kucheza, kuna kitu kimelegea, na ni wakati wa kuegesha. Hata isipocheza, mzee huegesha baada ya kilomita chache za kwanza, kwa sababu mikanda hukaa sawa ikishatikiswa, na iliyokuwa imekaza nyumbani huwa imelegea kidogo.

Na upepo je? Msukumo wake haupandi sambamba na mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, hauwi mara mbili, huwa mara nne. Barabara namba 1, inayofuata ufuo wa Pasifiki na kupita kandokando ya Tomales Bay, ina sehemu ambazo kilima kinakukinga, kisha unatokeza kwenye kona na upepo wa bahari unakupiga ubavuni. Hapo kayaki inageuka tanga, utake usitake. Nahodha wa ngalawa upepo ukizidi hupunguza tanga. Dereva hana cha kupunguza ila mwendo, na inambidi aupunguze kabla ya kona, si baada yake. Kuusoma mti ulioinama, kuitazama nyasi ya kilimani, kukisia kilicho nyuma ya kilima: huo ni ujuzi wa baharini unaotumika juu ya lami.

Sipendi kuyataja haya kana kwamba ni mapambo. Kilo 40 zikichomoka kwenye barabara kuu huua, na anayekufa ni mtu wa nyuma asiyehusika na safari ya mwenzake. Ndiyo maana sheria ya California inataka mzigo unaochomoza nyuma futi 4, yaani mita 1.2, au zaidi uwekewe mwishoni kitambaa chekundu au cha rangi ya machungwa inayong'aa, kisichopungua inchi 12 kila upande. Gizani ziwekwe taa mbili nyekundu zionekane kutoka umbali wa futi 500. Mzee hufunga kitambaa kipya kila mwaka, maana jua hukipausha, na chekundu kilichopauka hakimwonyi mtu.

Kayaki nzito za plastiki ndizo za bei nafuu, ndizo wanazozimudu watu wa kawaida, na nyingi kati ya hizo hulala gereji miaka nenda miaka rudi kwa sababu mwenyewe hajui aipakieje peke yake. Ujuzi huu wa kupakia na kufunga ndio unaomrudisha mzee wa miaka sabini na ushee majini kila anapotaka. Kwa hiyo nawaomba walimu wa kayaki, na vilabu vinavyofundisha kupiga kafi na kujiopoa chombo kinapopinduka: somo la kwanza lifanyikie kwenye maegesho ya magari, na mwanafunzi asiguse maji mpaka ameipandisha kayaki, ameifunga kwa mikono yake, na gari zima limetikisika pamoja nayo.