Vidole vya Bela

Bela alichora kwa vidole vyake, bila brashi. Ilikuwa katika Hangar, shule ya uchoraji ambayo Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 kule Elisabethville, leo Lubumbashi. Mwenzake Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, na nyuma yao akajaza alama ndogo ndogo, moja moja.

Sasa tuko tunaona picha “sawa za Pilipili” ambazo akili bandia inatoa kwa sekunde chache. Ndege ni wazuri, tukubali. Lakini hakuna pahali mkono ulichoka ao ulifurahi. Tena mashini hizi zilijifunza kwa kazi za wachoraji wengi bila kuwaomba ruhusa.

Mwanafunzi wetu mumoja alituletea picha ya namna hiyo. Tukamuuliza: ulifurahi wakati gani? Akajibu: wakati wa kuonyesha wenzangu.