Utani wa watahiniwa na magazeti yaliyosahau swali

Kila msimu wa matokeo ya mitihani kule nyumbani, simu zetu huku ughaibuni hujaa orodha za "majibu ya kuchekesha". Mtoto kaulizwa hili, kajibu lile. Tunacheka, tunamtumia jirani, jirani anamtumia shemeji yake aliyeko Edmonton, na kabla jua halijazama habari imeshafika Muscat. Hatusemi kucheka ni dhambi. Tunachotaka kuuliza ni hiki: vyombo vya habari vinapoukuta utani wa wanafunzi, huufanyia nini? Na mtoto anabaki na nini baada ya sisi wakubwa kumaliza kucheka?

Tuanze na mfano ambao Watanzania wengi wanaukumbuka. Februari 18, 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani takriban asilimia 60, walipata sifuri. Nchi ilishtuka. Lakini pamoja na mshtuko huo ilikuja habari nyingine iliyokuwa tamu zaidi mdomoni: kwamba wapo watahiniwa waliojaza karatasi zao matusi, michoro na mistari ya bongo fleva badala ya majibu. Basi! Mjadala wote ukapata sura. Kizazi kimeharibika, watoto hawasomi, simu na muziki vimewamaliza. Kwenye daladala, kwenye redio na huku kwetu kwenye misiba na sherehe, iliimbwa nyimbo hiyo moja.

Sisi wengine ni wahandisi, na kazi yetu imetufundisha kuwa na mashaka na majibu yanayopatikana upesi. Hapa Toronto, jengo linapomiminwa zege, zege kidogo huwekwa kwenye silinda na kupelekwa maabara. Baada ya siku 28 silinda inabanwa kwenye mashine mpaka ivunjike, ili ijulikane ina nguvu kiasi gani. Ikivunjika mapema, kuna maswali ya kuuliza, tena kwa utaratibu. Mashine ilipimwa lini mara ya mwisho? Sampuli ilichukuliwa ipasavyo? Zege lilitunzwa vipi siku za mwanzo? Maji yalizidi? Saruji ilitosha? Sasa tuseme kijana mmoja pale saiti alichora kibonzo juu ya silinda mojawapo. Mhandisi atakayeandika kwenye ripoti kwamba jengo halina nguvu kwa sababu ya kibonzo, kesho yake atatafuta kazi nyingine.

Mwaka 2013 vibonzo ndivyo vilivyopata nafasi kubwa. Watahiniwa wa shule walikuwa karibu laki nne, na walioandika matusi walikuwa wachache mno kati ya bahari hiyo. Hata kama kila mmoja wao angefutiwa matokeo mara mbili, bado isingeeleza sifuri 240,000. Hesabu hii haihitaji shahada.

Na kipimo chenyewe je? Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei 2013 serikali ilitangaza bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa mwaka ule, tofauti na uliotumika 2011. Matokeo yalipopangwa upya, waliofaulu walipanda kutoka takriban asilimia 34 hadi takriban 43. Maana yake ni kwamba makumi ya maelfu ya vijana waliokuwa wamekwisha kuitwa wajinga hadharani, walikuwa wamefaulu. Mizani ndiyo iliyokuwa imeguswa.

Tusijidanganye hata hivyo. Baada ya mizani kurekebishwa, zaidi ya nusu bado walifeli. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo, kubwa tu, nalo lilikuwa linajulikana kabla ya matokeo. Mtoto wa Tanzania wakati ule alisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta Kiingereza mezani kwa kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kubwa tangu katikati ya miaka ya 2000. Majengo yalipatikana, walimu na vitabu havikufuata kwa mwendo uleule. Mwisho wa Januari 2013, wiki chache kabla ya matokeo, mbunge James Mbatia alikuwa amepeleka hoja binafsi bungeni kuhusu udhaifu wa elimu. Si haki kusema magazeti yote yaliyapuuza haya. Wapo waandishi walioandika vizuri kuhusu lugha, vitabu na walimu. Lakini makala ya namna hiyo huwekwa ndani, ukurasa wa tisa. Kibonzo huwekwa mbele.

Katika habari tulizozisoma sisi wakati ule, kitu kimoja kilikosekana: swali lenyewe. Tuliambiwa mtahiniwa kaandika mistari ya muziki, hatukuonyeshwa alikuwa ameulizwa nini, kwa lugha gani, na kutoka kitabu gani. Kijana aliyekaa saa tatu mbele ya karatasi asiyoielewa, akaona aibu ya kuirudisha tupu, akaandika kile anachokijua kwa moyo, huyo ana jambo analotueleza. Si jibu la mtihani, na maksi hastahili. Lakini ni taarifa kuhusu mtihani, na mwandishi wa habari kazi yake ni kuisoma taarifa hiyo.

Tulinganishe na Uingereza. Juni 2015, wanafunzi waliofanya hisabati ya GCSE ya bodi ya Edexcel walitoka chumbani wakamwagia mtandaoni utani kuhusu swali la msichana anayeitwa Hannah na pipi zake. Mfukoni kuna pipi n, sita kati yake ni za rangi ya chungwa. Hannah anatoa moja, anaila, anatoa nyingine, anaila. Uwezekano wa zote mbili kuwa za chungwa ni theluthi moja. Onyesha kwamba n² − n − 90 = 0. Vijana waliuliza Hannah ana shida gani, kwa nini asile pipi zake kwa amani. Magazeti na televisheni yalifanya nini? Yaliuchapisha utani, lakini yaliliweka na swali pale pale, yakawaita watu wazima walijaribu. Sita kwa n, mara tano kwa n kutoa moja, ni sawa na theluthi. Basi n mara n kutoa moja ni 90. Aliyelipata alifurahi, aliyeshindwa akawaheshimu watoto kidogo. Utani uligeuka kuwa mlango wa kuingilia kwenye hisabati.

Ufaransa hali ilikuwa tofauti. Juni 2014 shairi la Victor Hugo lilitoka kwenye mtihani wa Kifaransa wa baccalauréat, na wanafunzi wakamshambulia marehemu kwenye Twitter kana kwamba anaishi mtaa wa pili. Vyombo vya habari vilikusanya maneno yale na kuyapanga kama ushahidi wa kizazi kilichopotea. Hapa sisi Waswahili tuna neno ambalo lingewasaidia Wafaransa: utani. Utani kwetu si mzaha tu, ni uhusiano wenye haki na mipaka. Mtani anaweza kuja msibani akamsema marehemu, akamwiga anavyotembea, na wafiwa hawakasiriki, maana wanajua anayetania ni mtu wa karibu. Hugo alifariki 1885. Kijana anayemlalamikia usiku wa mtihani amemfanya mtani. Hajamdharau kama yule ambaye hakuwahi kulisikia jina lake.

Lakini mipaka ipo, na ndiyo tunayotaka ishikwe. Mwaka 2017 huko New South Wales, Australia, shairi la Ellen van Neerven, mwandishi wa asili ya wenyeji wa nchi ile, lilitumika katika mtihani wa HSC. Baadhi ya wanafunzi walimfuata mwandishi huyo mtandaoni na kumtukana. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Ufaransa tena: Sylvie Germain, ambaye dondoo la riwaya yake liliwekwa kwenye mtihani, alipata matusi na vitisho. Huo si utani. Mtani hamfuati mtu aliye peke yake mlangoni kwake, tena kwa kundi. Waandishi hawa hawakutunga mtihani. Kazi yao ilichukuliwa na bodi. Hapo vyombo vya habari vilikuwa na haki ya kupaza sauti. Shida ni kwamba gazeti linalotumia sauti ileile ya hasira kwa kijana anayemnung'unikia Hugo na kwa anayemtisha Germain, linawafundisha vijana kwamba hakuna tofauti kati ya mambo haya mawili.

Tusisahau pia kwamba utani mara nyingi ndiyo alama ya kitabu kilichosomwa. Wakenya waliosoma Siku Njema ya Ken Walibora wanamjua Kongowea Mswahili kama ndugu yao. Walibora alipofariki Nairobi Aprili 2020, watu wazima wenye kazi na familia zao waliomboleza kwa kuwataja wahusika wake, wengine kwa mzaha uleule wa bwenini. Hakuna kamati ya tuzo inayoweza kumpa mwandishi heshima kama hiyo. Wanafunzi ambao hawajakielewa kitabu hawana cha kukitania. Hubaki na matusi au ukimya.

Kwa nini tunayaandika haya kwenye jarida la Toronto? Kwa sababu watoto wetu hapa nao wana mtihani wao. Mwanafunzi wa sekondari wa Ontario hufanya mtihani wa kusoma na kuandika wa EQAO, kwa kawaida akiwa darasa la 10, na sharti hilo ni sehemu ya kupata cheti chake. Mtoto aliyefika Scarborough miaka miwili iliyopita akitokea Goma kupitia kambi ya Nyarugusu, anakaa mbele ya maandishi yale akiwa na Kiswahili, Kifaransa kidogo na Kiingereza cha juzi. Jioni anarudi nyumbani na kutukuta sebuleni tunasoma kwa sauti majibu ya kuchekesha ya watoto wa Tabora. Anajua ni nani anayechekwa.

Kwa wahariri, wa nyumbani na wa huku, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkichapisha utani wa mtahiniwa, chapisheni na swali. Pili, tenganisheni mzaha na vitisho, na hasira yenu muitunzie vitisho. Tatu, mkirudi miezi mitatu baadaye na habari kwamba kipimo ndicho kilichokuwa na kasoro, ipeni ukurasa uleule mlioupa kibonzo. Waulizeni Watanzania kuhusu 2013: wengi watakumbuka sifuri na bongo fleva. Wanaokumbuka kwamba matokeo yalifutwa na kupangwa upya ni wachache zaidi, ingawa hilo ndilo lililobadilisha vyeti.

Vijana wale wa 2012 leo wana miaka thelathini hivi. Wengine ni mafundi, wengine wafanyabiashara, wengine tunapanda nao basi moja hapa mjini. Walihukumiwa kwa majibu ya wenzao wachache, na hakuna aliyewaomba radhi. Sisi wazazi tuanze na lililo karibu: orodha nyingine ya majibu ya kuchekesha ikiingia kwenye simu, kabla ya kuirusha mbele, tuulize swali lilikuwa nini.