Maharage Yameiva na Mkaa Haujawashwa: Presha Kuka ya Umeme Imeingia Jikoni

Yameiva! Maharage yaliyolala kwenye maji tangu jana usiku yameiva kabla nazi haijamalizika kukunwa. Tena yameiva kwa adabu: punje moja moja, nzima, ngozi haijachanika, lakini ukiibana kwa vidole viwili inapondeka bila ubishi. Presha kuka ya umeme, lita 6, wati 1,000, ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi, na tayari natamani kila nyumba inayonunua mkaa kwa kopo iwe nayo.

Ngoja nieleze kinachofanyika humo ndani, maana utamu wote uko hapo. Kwenye sufuria ya kawaida, hapa Dar es Salaam, maji yakifika nyuzi 100 yanachemka, na uongeze mkaa utakavyoongeza hayapandi tena. Joto la ziada linatoka na mvuke na kupotelea dirishani. Mbeya na Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 94 tu. Ndiyo maana sufuria ya maharage huko inakaa motoni mpaka watoto wanasinzia. Presha inaufungia mvuke usitoke, mgandamizo unapanda, na maji yanaweza kufika nyuzi 115 hivi bila kuchemka ovyo. Kwa punje ngumu ya haragwe hilo ni badiliko kubwa mno. Mfaransa Denis Papin alilijua jambo hili tangu mwaka 1679, alipobuni jijini London chombo cha kulainisha mifupa kwa mvuke uliofungiwa. Wapenzi wa supu ya makongoro, huyo ni ndugu yetu.

Ila presha ya Papin ilitaka mtu wa kuichunga, na hata zile za kupiga mluzi tulizozoea zinataka mtu awe karibu. Hii inajichunga yenyewe! Ina kifaa cha kupima joto chini ya sufuria ya ndani; joto na mgandamizo vikitosha inajizimia umeme, vikishuka inawasha tena kidogo. Raha ni kukitazama kile kipini kidogo cha chuma kwenye mfuniko. Mwanzoni mvuke unapenya pembeni yake, kinatetemeka, kinapanda nusu na kurudi. Halafu ghafla kinaruka juu, mfuniko unajifunga, na jiko zima linakuwa kimya. Hakuna mluzi wala kububujika, na hakuna harufu ya kuungulia. Ukiujaribu mfuniko haufunguki, na hautafunguka mpaka kipini kishuke. Wanaoogopa presha kwa habari za mifuniko iliyoruka hadi darini wakione hicho kipini kwa macho yao.

Sasa kuhusu LUKU, kwa sababu najua swali linakuja. Wati 1,000 zinatisha ukizisoma kwenye boksi, lakini jiko halili wati hizo muda wote. Linakula sana wakati wa kupasha, kisha linatulia na kuwaka kwa vipindi vifupi. Kadiria nusu uniti kwa maharage ya familia. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, aliye nje ya kundi la matumizi madogo, uniti moja pamoja na kodi ni takriban shilingi 350. Nusu yake haifiki 200. Jiko la koili la wati hizohizo likiwaka saa 2 mfululizo linakula uniti 2, yaani shilingi 700 hivi, na maharage bado yanaweza kugoma. Weka pembeni kopo la mkaa la siku nzima ulinganishe mwenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mimi sioni tutafikaje huko kama maharage na makande havitahama kutoka kwenye mkaa. Chai na mayai havimalizi gunia.

Na umeme ukikatika? Hapa ndipo nilipoipenda kabisa. Sufuria ya ndani imezungukwa na gamba linalohifadhi joto, kwa hiyo ikishapata mgandamizo inaendelea kuivisha kwa muda hata gizani. Usikimbilie kufungua, iache tu.

Mambo ya nazi yanataka mkono wenye busara. Tui zito lisiingie kabla ya kufunga mfuniko. Joto lile linalikata, na mafuta yanaelea juu. Chemsha maharage kwa maji na chumvi kidogo, mfuniko ukifunguka bonyeza kitufe cha kukaangia, tia kitunguu, nyanya na pilipili hoho, kisha mimina tui na ukoroge mpaka lichemke taratibu. Jamani, mchuzi wake! Mzito, mweupe, na haragwe limenyonya nazi mpaka ndani. Sufuria ya ndani inazunguka ukikoroga kwa nguvu, hivyo ishike kwa kitambaa. Kwa sababu hiyohiyo ugali mgumu nauacha kwenye sufuria yake ya siku zote, na chapati zibaki kwenye kikaango.

Kwa maharage na nafaka usipite nusu ya sufuria, kwa kuwa yanavimba na kutoa povu. Vyakula vingine usizidi theluthi mbili. Na ukimaliza kupika maharage usiutoe mvuke kwa haraka, povu litaruka nao na kuziba tundu la kutolea mvuke. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, utumbo, makande ya mahindi yaliyokobolewa, vyote vinastarehe humo. Pilau pia linatoka vizuri ukikaanga vitunguu vyako humohumo bila papara, na ukipunguza maji kidogo kwa kuwa hayakauki kama juu ya moto.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Majiko mengi ya aina hii yana kitufe cha kupika polepole kwa joto dogo. Maharage mekundu yasipikwe kwa kitufe hicho. Yana sumu yake ya asili ambayo joto dogo haliiui, na yakikaa saa nyingi bila kuchemka sawasawa yanaweza kumtapisha mtu vibaya. Mgandamizo unaimaliza, uvuguvugu haumalizi.

Vitufe vingine? Wali, uji, supu, keki, mtindi... boksi limejaa picha. Ninachokitumia ni kile cha kupanga dakika mwenyewe na kile cha kukaangia. Usilipe nyongeza kwa wingi wa vitufe.

Hivyo ndivyo ninavyochagua chombo chochote cha jikoni: naangalia kazi gani nyumbani inakula saa nyingi na mkaa mwingi kila wiki, halafu natafuta chombo cha kuibeba hiyo. Nyumba yenye kukuna nazi kila siku ianze na blenda yenye kisu imara, itaisaga nazi na nyanya na tangawizi. Nyumba ya watu wanaopenda mihogo na samaki wakavu kwa nje itafurahia jiko la hewa ya moto. Birika la umeme ni la kila nyumba. Lakini nyumba ya maharage, na nyingi zetu ndizo hizo, presha hii iende mbele ya vyote.

Ukienda Kariakoo, au ukiagiza kwa ndugu aliye ng'ambo, soma kibandiko cha chini kabla ya bei. Umeme wetu ni volti 230. Jiko lililotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, hata liwe zuri vipi, hata liwe zawadi ya dada, ukilichomeka ukutani kwetu litaungua. Ndugu wa Marekani atume hela, jiko linunuliwe hapa. Wa Uingereza na Omani hawana shida hiyo. Chagua lita 6 kwa familia ya watu watano hivi. Inua sufuria ya ndani: ya chuma cha pua inavumilia mwiko na steelwire, ile ya rangi nyeusi isiyoshika chakula inachunika. Kisha chomoa ule mpira mweupe ulio ndani ya mfuniko, uvute, uone kama unarudi vizuri. Huo ndio unaoshika mvuke, ndio unaonyonya harufu ya vitunguu, na ndio utakaochoka kabla ya kitu kingine. Muulize muuzaji kama anauza mpira wa akiba wa jiko hilohilo. Akikosa, nenda duka la pili.