Google TV Streamer: RAM Imeongezwa, Prosesa Ikaachwa Nyuma

Agosti 6, 2024 Google ilitangaza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, Chromecast, kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya televisheni kilichoanza kuuzwa mwaka 2013, haitatengenezwa tena. La pili, nafasi yake inachukuliwa na kisanduku cha kuweka mezani kiitwacho Google TV Streamer, kilichoingia madukani Septemba 24 mwaka huohuo kwa dola 99.99. Chromecast ya kwanza iliuzwa dola 35, na ile ya 4K ya mwaka 2020 iliuzwa dola 49.99. Bei imepanda maradufu, kwa hiyo swali la mnunuzi ni moja tu: hizo dola 50 za ziada zimekwenda wapi?

Ukikifungua na kukipima, jibu linaonekana. Zimekwenda kwenye RAM, kwenye hifadhi, kwenye tundu la waya wa intaneti na kwenye redio ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Hazikwenda kwenye prosesa, wala hazikwenda kwenye Wi-Fi.

Kilio kikubwa cha waliokuwa na Chromecast ya 2020 kilikuwa nafasi. Ilitoka na RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 8, na baada ya mfumo wenyewe kuchukua sehemu yake, mtumiaji alibakiwa na takribani GB 4.4. Akishapakua Netflix, Prime Video, Spotify na programu ya mpira, ujumbe wa kwamba nafasi imejaa ulianza kumfuata. Programu za televisheni hazikai kimya: kila moja hujiwekea picha za mabango na vipande vya video ili ifunguke haraka, na mzigo huo hukua wiki hadi wiki. Mwaka 2022 Google ililazimika kutoa sasisho la kusaidia kufuta takataka hizo, lakini ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu tu.

Kisanduku kipya kina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32. Tofauti yake haihitaji kipimo cha maabara. Mtu anaangalia mechi, anatoka kwenda YouTube kutafuta bao la jana, kisha anarudi kwenye mechi. Kwenye kijiti cha zamani, mfumo ulikuwa umeshaifunga programu ya kwanza ili kupata RAM, kwa hiyo ilianza upya na nembo yake, ukurasa wake na kusubiri kwake. Kwenye kisanduku kipya mara nyingi mtu huikuta pale pale alipoiacha. Hili ndilo boresho litakaloonekana kila siku, na kama Google ingefanya hilo peke yake, wengi wangeridhika.

Prosesa ni habari nyingine. Google yenyewe ilisema kisanduku kina kasi zaidi kwa asilimia 22 kuliko kilichotangulia, ongezeko dogo kwa kifaa kilichokaa miaka minne bila mrithi. Ndani yake kuna MT8696 ya kampuni ya MediaTek ya Taiwan. Prosesa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya Fire TV Stick 4K Max ya Amazon iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 54.99. Tena Amazon waliioanisha na Wi-Fi 6, ilhali Google, miaka mitatu baadaye na kwa bei inayokaribia maradufu, waliiacha kwenye Wi-Fi 5.

Je, mtumiaji ataumia? Kwa filamu, hapana. Prosesa hii inamudu video za 4K za fremu 60 kwa sekunde, inasoma mfumo wa AV1 ambao YouTube hutumia ili kupunguza ukubwa wa data, na inaonyesha Dolby Vision na HDR10+ bila shida. Wi-Fi 5 nayo inatosha kwa nyumba ya kawaida, maana Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na Wi-Fi 5 hupitisha zaidi ya hizo mara nyingi. Pengo litaonekana kwenye majengo ya ghorofa ambako ruta za majirani zinapigiana kelele, au kwa anayetaka kucheza michezo. Na litaonekana zaidi mwaka wa nne au wa tano, programu zitakapokuwa zimenenepa na prosesa ikiwa ileile ya 2021.

Kulinganisha na washindani kunaiweka Google pabaya kidogo. Duka la Walmart la Marekani lilitoa mwaka 2024 kisanduku chake, onn 4K Pro, kinachotumia mfumo uleule wa Google TV, kikiwa na RAM ya GB 3, hifadhi ya GB 32, Wi-Fi 6 na tundu la kawaida la USB, kwa dola 49.88. Upande wa juu kuna Apple TV 4K ya 2022 yenye prosesa ya A15, ileile ya simu za iPhone 13, kwa dola 129, au dola 149 kwa anayetaka tundu la waya wa intaneti. Google imekaa katikati: ghali kwa anayetafuta nafuu, na dhaifu kwa anayetafuta nguvu.

Ila pana jambo moja ambalo Google wamelifanya vizuri kuliko Walmart, nalo ni tundu la waya. Streamer ina tundu la Ethernet la gigabiti moja kwa sekunde, huku la onn likiishia megabiti 100. Kwenye Chromecast ya 2020 tundu hilo halikuwepo kabisa, na mteja aliuziwa chaja maalumu yenye tundu ili alipate. Kwa nyumba za Nairobi, Dar es Salaam au Kampala zilizofungiwa faiba, ruta mara nyingi huwekwa sebuleni karibu na televisheni. Waya wa mita mbili kutoka kwenye ruta hadi kwenye kisanduku unamaliza habari yote ya Wi-Fi 5.

Anayetumia bando la simu ana hesabu tofauti. Kwa takwimu za Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Filamu moja ya saa mbili kwa 4K ni GB 14. Mtu wa namna hiyo atalazimika kushusha ubora wa picha, na akishaushusha, sehemu kubwa ya uwezo aliolipia inalala bila kazi.

Mpira unafichua kasoro ambayo wachambuzi wengi wa Marekani hawaigusi, kwa kuwa kwao haiwapati. Matangazo ya televisheni ya Afrika Mashariki, kama ya Ulaya, hurushwa kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, na mechi nyingi mtandaoni hubaki hivyo. Kisanduku kinapowashwa hutoa picha kwa kasi ya 60. Ili fremu 50 zijaze nafasi 60, katika kila fremu tano moja inarudiwa. Mtu akiwa anaangalia tamthilia hataona kitu. Lakini mpira mrefu ukipigwa kutoka kwa kipa na kamera ikauandama, uwanja unatetemeka kidogo kidogo, kama picha inayokatwa na kuunganishwa. Mtazamaji hulaumu intaneti, anapiga simu kwa watoa huduma, kumbe intaneti haina kosa.

Tiba ipo, ila ni ya mkono. Kwenye mipangilio ya onyesho mtu anachagua mwenyewe 4K ya hezi 50 kabla ya mechi, akimaliza anarudisha 60. Mpangilio wa kulinganisha kasi ya fremu upo pia, lakini unafanya kazi pale tu programu yenyewe inapouomba, na nyingi haziombi. Apple TV hulishughulikia jambo hili kwa ustadi zaidi. Kwa kisanduku cha dola 100, hili lilipaswa kujiendesha lenyewe.

Rimoti imetengenezwa na watu waliosikiliza malalamiko. Chromecast ya 2020 iliweka vitufe vya sauti ubavuni, na vidole vikawa vinavitafuta gizani. Sasa vimerudi usoni, chini ya mviringo wa kuongozea. Kuna kitufe chenye alama ya nyota ambacho mtumiaji hukipa kazi anayoitaka, iwe kufungua programu fulani au kuhamia kwenye king'amuzi kupitia tundu jingine la HDMI. Nyuma ya kisanduku kuna kitufe cha kutafutia rimoti: kikibonyezwa, rimoti inalia popote ilipo, iwe chini ya mto wa kochi au kwenye ndoo ya midoli ya watoto.

Hapo kwenye vifaa vya nyumbani ndipo hesabu inapomgeuka msomaji wa Afrika Mashariki. Ndani ya Streamer kuna redio ya Thread na uwezo wa Matter, mifumo inayounganisha taa, vitasa na vihisi vya aina mbalimbali bila kujali kampuni. Mmarekani mwenye vifaa hivyo anaokoa pesa ya kununua kitovu cha pembeni. Kwa familia ya Mwanza au Kisumu ambayo taa zake huwashwa kwa swichi ya ukutani, redio hiyo imelipiwa na haitaguswa.

Kuna pia mambo madogo ya kuudhi. Kebo ya HDMI haimo kwenye boksi. Tundu la USB-C ni moja, na ndilo linaloleta umeme, hivyo anayetaka kuchomeka flashi au hata diski ya filamu zake lazima anunue kigawanyi. Google haina duka rasmi ukanda huu, kwa hiyo kinafika kupitia waagizaji. Plagi inaweza kuwa ya Marekani au ya Ulaya, na kikiharibika dhamana inabaki kule kilikonunuliwa. Dola 99.99 ni takribani shilingi 13,000 za Kenya au robo milioni ya Tanzania, kabla ya usafiri na ushuru. Ukurasa wa mwanzo nao umejaa matangazo. Unaweza kuchagua hali ya kuonyesha programu tu, lakini utafutaji wa sauti hufungwa.

Kwa nini basi mtu asiende Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi akanunua kisanduku cha Android cha bei ya chini kabisa, chenye maandishi ya 4K, hata 8K, kwenye boksi? Sababu ya kwanza ni cheti. Netflix na wenzake hutumia ulinzi wa Widevine wenye madaraja. Kifaa cha daraja la L1 huweza kupewa picha ya HD na 4K. Cha L3 huishia 480p, ubora wa DVD, hata boksi liwe limeandikwa nini. Visanduku vingi visivyo na jina viko L3. Streamer iko L1.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Januari 2023 mtaalamu wa usalama wa mifumo Daniel Milisic alieleza jinsi kisanduku cha T95 alichokinunua Amazon kilivyokuja na programu hasidi kutoka kiwandani. Uchunguzi uliofuata wa kampuni ya Human Security ulifichua mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa ulioitwa BADBOX. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikaenda mahakamani New York ikidai kwamba vifaa zaidi ya milioni 10 visivyo na cheti vimeambukizwa. Kisanduku cha namna hiyo kinaonyesha filamu kama kawaida huku intaneti ya mwenye nyumba ikikodishwa kwa wahalifu, na yeye ndiye anayelipia bando.

Hata hivyo kuwa na cheti si kinga ya kila kitu. Machi 9, 2025 Chromecast za kizazi cha pili, zilizotoka 2015, ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti cha kidijitali cha miaka kumi kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeisha muda. Simu zilipojaribu kurusha picha, ziliambiwa kifaa hakiaminiki. Google ilichukua siku kadhaa kutoa marekebisho. Tukio hilo linaonyesha kitu ambacho orodha ya sifa haikisemi: kifaa cha aina hii hufanya kazi kadiri mtengenezaji anavyoendelea kukihudumia, na prosesa iliyozeeka mapema haimpi sababu ya kukihudumia muda mrefu.

Kwa hiyo, nani akinunue? Mwenye Chromecast ya 2020 inayolia nafasi, aliye na faiba na televisheni ya 4K, atapata anachokitaka, na ndugu anayetoka ng'ambo akikibeba kwenye mzigo wake gharama itapungua. Mwenye televisheni mpya iliyo na Google TV ndani na isiyokwama hana haja nacho. Anayetumia bando la simu, au ambaye televisheni yake ni ya HD tu, atafute kisanduku cha bei nafuu chenye cheti cha Google na cha Netflix. Na popote atakaponunua, asitoe pesa kabla kisanduku hakijawashwa dukani, Play Store ikafunguliwa na sehemu ya mipangilio yake ikaonyesha kwamba kifaa kimethibitishwa.