Saa Inayofunguka

Anayetaka kujua ubora wa saa ya mkono asianzie usoni. Uso wa saa hudanganya kwa urahisi: jina hupigwa chapa, rangi ya dhahabu hupakwa juu ya chuma, na kioo cha kawaida kikiwa kipya dukani hung'aa sawasawa na kioo cha yakuti. Aigeuze. Mfuniko wa nyuma ndio unaoeleza kama aliyeiunda alitarajia kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua, ataitoa mashine, ataiosha na kuirudisha ikitembea. Saa iliyoundwa kwa matarajio hayo, iwe ya bei ya sare ya shule au ya bei ya kiwanja, ni saa kweli. Ile iliyogandishwa kwa gundi ili ikifa itupwe, hata ikizungushiwa vito, kwangu ni pambo la mkono.

Mazungumzo yetu kuhusu saa huanzia kwenye jina na kuishia kwenye bei. Katikati hapo tunamruka fundi saa, yule aliyekaa nyuma ya kisanduku cha kioo pembeni mwa barabara Kariakoo, au upenuni mwa duka huko Mombasa, lenzi imebanwa jichoni na kibano kiko mkononi. Yeye ndiye anayeamua saa itadumu miaka mingapi, na kwa hiyo ndiye anayepaswa kuamua ipi inunuliwe.

Chukua Seiko 5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Zile zilizoletwa na jamaa kutoka Muscat au Dubai utazitambua kwenye kidirisha cha siku: majina ya siku yamo kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, mwenye saa huchagua. Haina betri. Ndani yake kuna kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na mzunguko huo ndio unaokaza springi kuu. Mashine ya 7S26, iliyotumika katika Seiko 5 nyingi tangu mwaka 1996, haina hata njia ya kutiwa ufunguo. Asubuhi ukiikuta imesimama, itikise kwa upole, rekebisha majira, vaa.

Springi hiyo ikiachiwa hivihivi ingejikunjua mara moja na magurudumu yangezunguka ovyo. Kinachoizuia ni uma mdogo wenye vipande viwili vya yakuti nyekundu. Uma hucheza kushoto na kulia, na kila unapocheza huachia jino moja tu la gurudumu lipite, kama konda aliyesimama mlangoni akishusha abiria mmoja mmoja. Anayeuamrisha uma ni gurudumu la mizani, ambalo huyumba huku na huku likirudishwa na springi ya unywele. Katika 7S26 mizani hupiga mara 6 kwa sekunde, yaani mapigo 518,400 kwa siku. Mtu hulalamika kwamba saa yake inakimbia sekunde 20 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Kosa hilo halifiki hata sehemu moja kwa elfu nne, nayo imevaliwa mkononi mwa mtu anayepanda daladala, anayelima na anayefua nguo.

Mfumo wa uma ulibuniwa na Mwingereza Thomas Mudge katikati ya karne ya 18, na mpaka leo ndio uliomo ndani ya saa nyingi mno za springi, kuanzia Seiko 5 hadi Rolex. Fundi aliyejifunzia kwenye hiyo ya kwanza anaijua njia ya nguvu ndani ya hiyo ya pili: springi, magurudumu, uma, mizani. Tofauti zipo, tena kubwa, lakini ukoo ni mmoja. Hata maneno “jewels 21” yaliyoandikwa usoni, ambayo watu huyasoma kama hazina, yanahesabu vito vya yakuti iliyotengenezwa na binadamu, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Kazi ya vito hivyo ni kuwa tundu gumu na laini ambamo ncha ya chuma huzunguka bila kulika.

Springi ya unywele ilikuwa na adui ambaye sisi watu wa pwani tunamjua vizuri. Chuma cha kawaida kikipata joto hulegea, mizani huchelewa, na saa hubaki nyuma. Mafundi wa Ulaya walihangaika na jambo hilo kwa muda mrefu, wakaunda mizani ya shaba na chuma vilivyounganishwa, iliyokatwa kingo ili joto likipanda zijikunje kwa ndani na kufidia ule uchelewaji. Ilikuwa kazi ya ajabu kwa uzuri wake, na ngumu sana kuisahihisha. Aliyeupunguza mzigo huo ni Charles Édouard Guillaume, mtoto wa fundi saa wa Fleurier, Uswisi. Alichunguza michanganyiko ya chuma na nikeli, na mwaka 1896 akapata mmoja ambao karibu hautanuki kabisa kwa joto. Baadaye akapata mwingine ambao unyumbukaji wake haubadilikibadiliki. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Anayetembea juani Tanga mchana wa mwezi wa pili, kisha akaingia katika ofisi yenye kiyoyozi, na saa yake isionyeshe dalili yoyote ya safari hiyo, ana deni la shukrani kwake.

Lakini hakuna mchanganyiko wa metali unaozuia mafuta kukauka, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Sevisi kamili si kupuliza vumbi na kufunga. Fundi hung'oa akrabu bila kuukwaruza uso, hutoa uso, kisha hushusha nguvu yote iliyobaki katika springi kuu kabla ya kuugusa uma. Akisahau hatua hiyo, magurudumu hufyatuka na ncha zake huvunjika. Ncha ya mhimili wa mizani ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Halafu huosha. Fundi wa mtaani hutumia benzini na brashi laini. Mwenzake wa kiwandani ana mashine inayotikisa uchafu kwa mawimbi ya sauti. Wote wawili humalizia kwa kijiti kilichochongwa, wakisafisha matundu ya vito moja baada ya jingine.

Kutia mafuta ndiyo sehemu ninayoistaajabia zaidi. Tone hubebwa kwenye ncha ya sindano na bila lenzi halionekani. Likizidi, hutambaa likaondoka mahali pake na kuacha tundu kavu. Likipungua, chuma husuguana na kito mpaka kitoe unga. Mafuta ya gurudumu lenye kasi si mafuta ya springi kuu. Na kuna mahali pasipotiwa kabisa: springi ya unywele ikigusa mafuta, mizunguko yake hugandana na saa hukimbia kama iliyopagawa. Fundi hodari utamjua kwa pale anapoacha pakavu.

Sasa tuje kwenye anasa. Asiyeelewa hudhani saa ya mamilioni inasema majira kwa usahihi kuliko saa ya bei ndogo. Casio F-91W, ya plastiki, iliyotoka mwaka 1989, hukosea kama sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya springi iliyofaulu mtihani rasmi wa usahihi wa Uswisi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Kwa mwezi inaweza kufikia dakika 3. Siri ya Casio ni kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Na teknolojia hiyo haikuanza kwa urahisi: saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa, Seiko Astron, iliingia sokoni Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Bei iliposhuka, Uswisi ilitikisika. Wafanyakazi wa saa waliokuwa kama 90,000 mwaka 1970 walipungua hadi karibu theluthi katika miaka ya 1980. Walioendelea na springi walijua kwamba hawauzi tena usahihi.

Wanauza mkono wa mtu. Katika Bonde la Joux nchini Uswisi, Philippe Dufour aliunda saa aliyoiita Simplicity: akrabu tatu, hakuna tarehe, hakuna mbwembwe. Kingo za vipande vyake vya chuma amezichonga kwa mshazari na kuzing'arisha kwa vijiti vya mmea wa jentiana, unaoota katika milima hiyo, mpaka mwanga ukatereza juu yake bila kukwama. Kazi kama hiyo haiongezi hata sekunde moja ya usahihi, nayo huingia hadi mahali ambapo mwenye saa hatapaona, ila fundi mwenzake atakayeifungua. Hiyo ndiyo anasa ninayoiheshimu. Anasa ya kulipia jina peke yake ninaipita haraka.

Rolex nayo ina sifa yake ya haki, na sifa hiyo ni ugumu. Mwaka 1926 walitoa kasha la Oyster, ambalo mfuniko wake hufungwa kwa hesi na hata kichwa cha pembeni hukazwa kwa hesi. Oktoba 1927 mwogeleaji Mercedes Gleitze aliingia katika bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza akiwa na saa hiyo shingoni, akakaa ndani ya maji baridi kwa zaidi ya saa 10. Alitolewa kabla hajamaliza kuvuka, na saa ilitoka inatembea.

Anayenunua saa ya namna hiyo iliyokwisha valiwa ajumlishe gharama ya sevisi kwenye bei tangu mwanzo. Kama sevisi inamshinda, saa imemshinda. Na asiamini maneno ya mtaani kwamba akrabu ya sekunde ikitiririka badala ya kurukaruka basi ni orijino. Siku hizi feki nazo zina mashine za springi, uzito wake umekaribia, na kioo chake hakikwaruziki. Ukweli unapatikana mfuniko ukifunguliwa mbele ya mtu anayejua mashine halisi ina sura gani. Muuzaji anayekataa ifunguliwe na fundi wa mnunuzi amekwisha jibu swali.

Kutunza hakuna siri nyingi, ila kuna mambo ambayo wauza duka hawayasemi. Maandishi ya “mita 30” hayana maana ya kupiga mbizi mita 30. Yana maana ya mvua na kunawa mikono, basi. Mpira wa kuzuia maji huzeeka, na kwa mtu wa pwani jasho na chumvi huuzeesha mapema, kwa hiyo uangaliwe kila mfuniko unapofunguliwa. Mkanda wa ngozi huoza katika unyevu wetu. Chuma au nailoni hustahimili. Kubadilisha tarehe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku ni hatari, maana saa hizo meno ya kusukuma tarehe yamekwisha kamatana na ukiyalazimisha yanaweza kukatika. Spika ya redio na sumaku ya mfuko wa simu huigandisha springi ya unywele, na saa iliyokuwa sawa jana leo inakimbia dakika kadhaa. Fundi ana kifaa cha kuondoa sumaku, ni kazi ya muda mfupi. Betri iliyokufa isiachwe ndani, itavuja na kuila mashine. Sevisi ya saa ya springi hufanywa kwa kawaida kila miaka mitano au zaidi kidogo. Rolex wenyewe hutaja takriban miaka 10 kwa saa zao. Saa ikianza kuchelewa bila sababu, isingoje kalenda.

Jambo moja linaniuma. Kampuni kadhaa kubwa zimebana uuzaji wa vipuri kwa mafundi wa kujitegemea, saa irudi kwa mawakala wao tu. Ndiyo maana fundi wa mtaani hatupi kitu. Mikebe yake imejaa saa zilizokufa, na humo ndimo anamotoa gurudumu, skrubu au mhimili wa kuokoa nyingine. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za springi wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Walistahili. Anayefanya kazi hiyohiyo kwa mwanga wa jua, bila kipuri kipya, bila kitabu cha kiwanda, anastahili pia heshima, na heshima inayomfaa zaidi ni vijana wa kujifunza kwake kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Kijana mwenye mshahara wa kwanza akiniuliza anunue saa gani, humwambia apite kwa fundi kabla ya kupita dukani. Amwulize ni saa zipi anazifungua mara nyingi, vipuri vyake vinapatikana wapi, na zipi huzirudisha bila kuzigusa. Majibu hayo yanazidi tangazo lolote. Atakapoipeleka sevisi asibishanie bei. Kwa Seiko 5, sevisi kamili inaweza kufikia gharama ya mashine mpya aina ya NH36, na fundi mkweli atamwambia hivyo mwenyewe. Ikiwa saa ni ya kwake tu, abadilishe mashine. Ikiwa ni ile aliyoivaa baba yake mpaka akastaafu, alipe ioshwe mashine ileile, na aombe kukaa pembeni aone inavyofunguliwa. Mafundi wengi hawakatai, ilimradi feni izimwe na asiinamie meza akipumua juu ya vipande.