Barua Isiyo na Msomaji

Kama ulifanya KCSE, unaijua hii barua. Anwani mbili, tarehe, "RE:" iliyopigwa mstari chini, aya tatu, "Yours faithfully", sahihi. Ndiyo swali la kwanza la karatasi ya kwanza ya Kiingereza, alama 20 kati ya 60. Mwandishi wake ni katibu wa chama cha mazingira katika shule ambayo haipo. Anamwandikia meneja wa kampuni ambayo haipo. Meneja hatajibu.

Nataka tuisome hiyo barua kama tunavyosoma hadithi fupi, tuulize inasema nini, inamwambia nani na inaficha nini. Kwa wengi wetu hayo ndiyo maandishi tuliyofanyia mazoezi kuliko mengine yote, na hakuna mtu huyahakiki.

Aliyenifanya niisome hivyo ni mtu nisiyewahi kumwona. Binamu yangu ana duka la kava za simu na chaja Busia, upande wetu wa mpaka. Mzigo huagiza Guangzhou. Yeye Kiingereza cha kuandika hakipendi, kwa hivyo usiku mimi ndiye ninayechati na karani wa mauzo wa kule. Siku moja tukingoja picha za mzigo zifunguke, nilimuuliza Kiingereza alijifunzia wapi. Akajibu, "I am Li Hua," na emoji ya kucheka. Nikadhani ndilo jina lake. Kumbe sivyo.

Li Hua ni mhusika. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu kule China, una sehemu ya Kiingereza inayomtaka mtahiniwa aandike kitu cha matumizi ya kila siku, na mara nyingi maagizo huanza hivi: chukulia kwamba wewe ni Li Hua. Kisha una maneno kama 80. Mwombe radhi rafiki yako Mwingereza kwa kuwa hutafika. Mwalike mwalimu mgeni kwenye maonyesho. Omba ushauri. Li ni jina la ukoo la mamilioni ya watu, na Hua ni neno linaloitaja China yenyewe, kwa hivyo ni kama sisi tunavyosema Wanjiku. Vijana wa kule wamemgeuza kichekesho mtandaoni: miaka inapita, Li Hua bado yuko shule, bado anaandika barua, na majibu hayaji.

Nilipoangalia zaidi nikaona tunafanana kuliko nilivyofikiri. Wao wana kifungu chenye nafasi kumi za kujaza sarufi. Sisi pia tuna cloze test, nafasi kumi, alama kumi. Wao wana ufahamu wa kusoma, sisi tuna wetu katika karatasi ya pili. Hata tunapoteleza, mara nyingi tunateleza mahali pamoja. Kichina hakina "the" wala "a", Kiswahili pia hakina. Kichina cha kuzungumza kina "tā" moja kwa mwanamume na mwanamke, sisi tuna "yeye". Ndiyo maana karani ataandika "my boss, she say OK" kumhusu bosi ambaye ni mwanamume, na binamu yangu ataandika "my brother, she will collect". Hakuna mzigo uliowahi kupotea kwa sababu hiyo. Kiingereza chao kingeangushwa Beijing na kingeangushwa Nairobi, lakini hapa mpakani kinaleta kava za simu.

Hapa ndipo ungetarajia niseme basi, sarufi ni upuzi wa walimu, bora tuelewane. Kuna wakati ningesema hivyo. Siwezi, kwa sababu ya shangazi yangu.

Nilikuwa fom tatu. Shangazi alikuwa anauza maharagwe Malaba, yale yanayovuka kutoka Uganda. Alimkopesha mwenzake wa sokoni shilingi 18,000, kwa mdomo tu, na pesa hazikurudi. Akaamua kupeleka malalamiko kwa wazee wa soko. Akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye wa Kiingereza? Niandikie. Ya Kiingereza wataiogopa." Nikaandika. Anwani mbili, RE, aya tatu. Mwalimu wangu angeipenda. Katikati nikaweka sentensi hii: "I borrowed her eighteen thousand shillings."

Siku ya kusikizwa, yule mama alikuja na kijana wake aliyesoma. Kijana akaisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili, kisha akaitafsiri: "Kwa maandishi yake mwenyewe, yeye ndiye aliyekopa." Wazee walijua ukweli, soko lote lilijua. Lakini karatasi ilikuwa mezani, na ilikuwa yetu. Wakasuluhisha nusu kwa nusu. Shangazi alirudi nyumbani na 9,000. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa hiyo A yako ya Kiingereza ni ya nini?"

Kosa langu lina asili. Ukisema "nimeazima" kwa Kiswahili, unaweza kuwa umepewa au umetoa. Anayesikia anajua kutokana na maneno mengine. Kichina kina neno "jiè" lenye tabia hiyohiyo. Kiingereza kimegawa: "borrow" ni wa kupokea, "lend" ni wa kutoa. Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na dawa mkononi. Tuna kopa na kopesha, kitenzi kimoja na kiambishi kinachoonyesha pesa imeelekea wapi. Shangazi aliniambia "nilimkopesha" na hakukosea hata silabi. Mimi ndiye niliyeichukua kauli iliyo wazi nikaigeuza deni lake.

Basi lawama yangu kwa ile barua ya mtihani ni hii. Inafundisha sarufi, ndiyo, lakini inaifundisha kana kwamba makosa yote yana uzito mmoja. "She" mahali pa "he", kibainishi kilichosahaulika, "borrow" mahali pa "lend": yote ni mistari myekundu pembeni, mmoja kama mwingine. Kwa mtu anayesoma barua hiyo akiwa na jambo lake, moja ni kicheko na lingine ni 9,000. Tofauti hiyo huwezi kuijua bila msomaji, na barua ya mtihani haina msomaji. Ina mtahini tu, na mtahini hakudai wala humdai.

Tuwe wa haki kidogo. Mtihani wa nchi nzima lazima usahihishwe na watu wengi kwa namna moja, na umbo la barua ni rahisi kupimwa: anwani ipo au haipo. Tena umbo lina nguvu yake. Ofisini, barua yenye RE hufunguliwa kabla ya karatasi iliyokunjwa. Shangazi hakukosea kuhusu woga. Lakini umbo ni mlango tu. Sisi tulifundishwa kupaka mlango rangi, tukasahau kuuliza kuna nini ndani ya nyumba.

Mpakani kuna maandishi ya kutosha yenye wasomaji halisi. Chukua cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile kinachomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zilizokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, bila kulipa ushuru wa kuingiza. Ni fomu fupi. Lakini aina, kiasi na thamani ya ulichobeba lazima vifanane na kilicho kwenye gunia, kwa sababu mbele yako kuna afisa ambaye ataangalia karatasi, aangalie gunia, aangalie wewe. Sijawahi kuona kitabu cha mazoezi kikimpa mwanafunzi wa Malaba fomu kama hiyo. Kilimpa chama cha mazingira.

Na lugha inayopata watumiaji haiogopi kukua. "Boda boda", neno ambalo sasa kila mtu kutoka Kampala hadi Dar analielewa, linasimuliwa kuwa lilizaliwa huku Busia na Malaba, kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine wakiita "border, border". Hakuna mtahini aliyelipitisha. Abiria walilielewa, wakapanda.

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o achapishe Decolonising the Mind mwaka 1986, mjadala wetu mkubwa umekuwa tuandike kwa lugha gani. Ni mjadala halali. Mimi naongeza swali dogo zaidi, linalofaa kwa lugha yoyote: unamwandikia nani, na asipokuelewa, nani atalipa?

Swali hili lina haraka. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na KCSE ya mwisho imepangwa 2027. Kitu kingine kinachukua nafasi yake, na pengine barua ya katibu wa chama cha mazingira itahamia huko na nguo mpya. Pendekezo langu si gumu: mpe barua msomaji anayejibu. Mwanafunzi mmoja aandike, mwenzake asome kama anayedaiwa, atafute kila upenyo wa kukwepa, kisha wa kwanza aandike tena. Yule karani wa Guangzhou alinifanyia hivyo bila kujua. Nilimwandikia "we pay until Friday", kwa sababu kichwani mwangu "hadi Ijumaa" ni moja tu. Akauliza, "Finish Friday, or every day to Friday?" Tangu hapo najua "by" na "until", na sikuhitaji nafasi kumi za kujaza.

Shangazi bado anauza maharagwe, na bado ananiita nikimwandikie. Siku hizi tunaandika kwa Kiswahili, isipokuwa ofisi ikikataa. Nikimaliza, hataki kujua kama nimeweka RE. Anavuta kiti karibu, anasema, "Haya, nisomee. Hapo, nani anamdai nani?"